T-Rex, Spinosaurus ao Carcharodontosaurus: nani angeshinda, na mifupa inasema nini

Mabishano haya ni ya kila siku Kampemba. Kwenye vibanda vya kuchajia telefone kule Bongonga, kwenye saluni za Bel-Air, mbele ya vyumba vya video, vijana wanarudilia ulizo moja: kama T-Rex na Spinosaurus wanakutana, nani atabaki amesimama? Mmoja anasema « Spino njo mukubwa, anapita wote ». Mwengine anajibu kama T-Rex ni mfalme na mfalme hapigwe. Kila mmoja anatoa ushahidi wake, na ushahidi wenyewe karibu kila mara ni filme.

Kwa bahati mbaya, filme zenyewe hazipatane. Katika Jurassic Park III, ya mwaka 2001, Spinosaurus anavunja T-Rex shingo kwa dakika chache tu. Katika Jurassic World Dominion, ya mwaka 2022, T-Rex njo anabaki, anamshinda Giganotosaurus, lakini anasaidiwa na mwengine mwenye makucha marefu. Wenye kutengeneza filme wanatafuta kuuza tiketi. Mwenye kutaka jibu la kweli anapaswa kuacha filme pembeni na kuuliza mifupa, juu mifupa ndiyo shahidi peke aliyebaki.

Hawakuonana hata siku moja

Jambo la kwanza linauma kidogo wale wenye kupenda mabishano: T-Rex na Spinosaurus hawakukutana, na hawangeweza kukutana.

T-Rex, jina lake kamili Tyrannosaurus rex, aliishi Amerika ya Kaskazini, kati ya miaka milioni 68 na milioni 66 iliyopita. Alikuwa kati ya dinozori wa mwisho kabisa, wale walioona jiwe kubwa linaanguka kutoka mbinguni na kumaliza karibu wote. Spinosaurus aliishi kaskazini mwa Afrika, miaka karibu milioni 95 iliyopita. Katikati yao kunapita miaka zaidi ya milioni 25, na bahari nzima. Siku T-Rex wa kwanza alipotoka kwenye yai, mifupa ya Spinosaurus ilikuwa imekwisha kugeuka jiwe kitambo sana.

Giganotosaurus naye, yule wa filme ya 2022, ni wa Ajentina. Mifupa yake iligunduliwa mwaka 1993 na mtu aliyekuwa anapenda kutafuta mifupa, Rubén Carolini, na wataalamu wakamtangaza mwaka 1995. Yeye na Spinosaurus waliishi wakati karibu moja, lakini mmoja Amerika ya Kusini na mwengine Afrika.

Basi ukitaka pambano ambalo lingeweza kutokea kweli, usitafute Amerika. Rudi huku kwetu Afrika.

Pambano la kweli lilikuwa Afrika

Leo Sahara ni mchanga na jiwe. Miaka milioni 95 iliyopita, sehemu za Misri na Maroko zilikuwa mito mikubwa, matope, na samaki wa kutisha. Mmoja wao, Onchopristis, alikuwa na pua ndefu yenye meno pembeni kama musumeno, na mwili wa metre kadhaa. Na kando ya mito hiyo waliishi wala-nyama wawili wakubwa kwa wakati mmoja: Spinosaurus na Carcharodontosaurus.

Mtu wa kwanza aliyewajulisha dunia vizuri ni Mjerumani Ernst Stromer. Mchimbaji wake, Richard Markgraf, alitoa mifupa ya Spinosaurus katika jangwa la Bahariya, Misri, kunako mwaka 1912. Stromer akaandika juu yake mwaka 1915. Alishangaa kuona mifupa ya mgongo yenye miiba mirefu, mmoja ukifikia metre 1,65, sawa na kimo cha mtu mzima. Mwaka 1931 akaandika tena, safari hii juu ya mnyama mwengine wa Bahariya. Meno ya namna yake yalikwisha kuokotwa Algeria na kuandikwa mwaka 1925. Stromer akampa jina Carcharodontosaurus, maana yake mjusi mwenye meno ya yule samaki mkali wa baharini, ambaye watu wa pwani wanamuita papa na Lubumbashi wanamuita rekini.

Mifupa yote hiyo iliwekwa katika nyumba moja ya makumbusho mjini Munich. Ikafika vita vya pili vya dunia. Stromer aliomba mara na mara vitu vihamishwe mahali pa salama. Mkubwa wa makumbusho alikuwa mtu wa chama cha Hitler, na Stromer hakuwa anaficha kwamba hapendi chama hicho. Ombi lake likakataliwa. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 aprili 1944, ndege za Uingereza zilipiga Munich kwa mabomu. Spinosaurus akaungua. Carcharodontosaurus akaungua. Stromer alipoteza pia watoto wake wawili katika vita hiyo. Vilivyobaki ni maandiko, michoro yake, na picha chache.

Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka 50, mtu aliyetaka kulinganisha wanyama hawa wawili alikuwa analinganisha karatasi kwa karatasi. Hii njo sababu vitabu vya zamani vinamuonyesha Spinosaurus kama T-Rex aliyebeba matanga mgongoni: hakukuwa mifupa ya miguu ya kutosha ya kukanusha.

Mambo yalibadilika Maroko. Mwaka 1995, kikundi cha Mmarekani Paul Sereno kilipata fuvu la Carcharodontosaurus katika eneo linaloitwa Kem Kem. Lile fuvu lina urefu wa karibu metre 1,60. Kichwa tu.

Kisha historia ya Spinosaurus mpya, ambayo mtu wa Katanga ataielewa kushinda Mzungu. Kule Kem Kem kuko wachimbaji wa mikono, sawasawa na bakrezeri wa huku: wanaume wanaoingia katika mashimo ya kilima na nyundo na tochi, bila kofia ya chuma, wanatoa mifupa na meno, wanauza kwa wanunuzi wa mji wa Erfoud, na wanunuzi wanauza Ulaya. Mwaka 2008, mchunguzi kijana, Nizar Ibrahim, ambaye mama yake ni wa Maroko, alionyeshwa na mchimbaji mmoja boksi la mifupa. Mwaka uliofuata akaona mifupa mingine kule Milano, Italia, na akajua kama inatoka kwa mnyama mmoja. Lakini shimo liko wapi? Hakujua jina la yule mchimbaji. Alikumbuka paka masharubu yake. Alirudi Erfoud kumtafuta, akakata tamaa, na siku moja ya mwaka 2013, akiwa amekaa kwenye mkahawa, yule mtu akapita mbele yake. Akawapeleka kwenye shimo. Mwaka 2014 dunia ikapata Spinosaurus mpya, na mwaka 2020 mkia wake ukatangazwa pia.

Mara hii picha ikageuka kabisa. Miguu ya nyuma ilikuwa mifupi kwa mwili wa namna ile. Mifupa yake ilikuwa mizito, imejaa ndani, kama ya wanyama wa majini. Mkia ulikuwa mpana na mrefu kwenda juu, kama kasia. Huyu hakuwa T-Rex mwenye matanga. Alikuwa kitu kingine.

Silaha za kila mmoja

Ili kulinganisha wapiganaji, uzito ni jambo la kwanza, lakini si la mwisho.

Kwa urefu, Spinosaurus anapita wote: metre 14 hivi, kutoka pua mpaka mwisho wa mkia. Ni zaidi ya kamiyo kubwa lenye kusubiri zamu Kasumbalesa, ukilipima bila trela. Lakini urefu huo mwingi ni mkia na pua. Uzito wake, kwa hesabu ya mwaka 2022, ni tani 7 na kitu. Carcharodontosaurus ana metre 12 hivi na tani 6 mpaka 7. T-Rex ana metre 12 na kitu pia, lakini yeye ni kifua kipana na shingo nene. Yule wanaomuita Scotty, aliyegunduliwa Kanada mwaka 1991, alihesabiwa mwaka 2019 kuwa na karibu tani 9. Basi wale wanaosema « Spino njo mukubwa » wana haki kwa metre, na wanashindwa kwa kilo.

Sasa meno, na hapo njo kuna siri yote.

Jino la Carcharodontosaurus ni kisu. Ni pana, jembamba, na pembeni lina vijino vidogo vidogo kama vya musumeno. Kazi yake si kuvunja mfupa. Kazi yake ni kupasua nyama, kuacha kidonda kirefu, na kungoja damu imalizike. Alikuwa akiwinda wanyama wakubwa wenye shingo ndefu, na mnyama wa tani nyingi humuangushi kwa mara moja.

Jino la Spinosaurus ni msumari. Liko mviringo, limenyooka, karibu halina makali. Ukitaka kuelewa, uliza wavuvi wa Bukama na Kikondja juu ya meno ya mamba wa Lualaba. Jino la namna hiyo halikate; linashika kitu chenye kuteleza na kukataa kukiachilia. Pua yake ndefu ilikuwa na matundu madogo mbele, kama ya mamba, ambayo wataalamu wengi wanafikiri yalikuwa ya kusikia mtikisiko wa maji. Katika taya moja iliyotoka Maroko, kipande cha mfupa wa mgongo wa Onchopristis kilikutwa kimekwama kati ya meno. Kuna tena uchunguzi wa mwaka 2018, uliopima kalisi ndani ya meno ya wala-nyama wa Maroko na Nijeri: ndugu za Spinosaurus walikuwa wanakula samaki zaidi, na ndugu za Carcharodontosaurus walikuwa wanakula wanyama wa nchi kavu. Mto mmoja, masahani mawili.

Kama Spinosaurus alikuwa anazamia kabisa kama mamba, ao alikuwa anasimama pembeni kama korongo na kuchoma samaki kwa pua, wataalamu bado wanagombana. Ibrahim na wenzake wanasema alikuwa muogeleaji. Sereno na wenzake, mwaka 2022, walijibu kama mwili wake ungeelea na kuyumba, hangeweza kufukuza kitu chini ya maji. Ugomvi huo haujaisha.

Jino la T-Rex nalo ni kitu kingine kabisa. Ni nene kama ndizi, na ukihesabu mzizi wake, kubwa kabisa linafikia sentimetre 30. Watu wa Kampemba, komini ya viwanda, wanajua konkaseri, ile mashini yenye kuvunja jiwe la madini kabla ya kulipeleka mbele. Taya ya T-Rex ilikuwa konkaseri. Wachunguzi wa Uingereza walitangaza mwaka 2012 hesabu ya kompyuta: jino moja la nyuma lilisukuma kwa nguvu ya niutoni 35.000 mpaka 57.000, ni kusema kama tani 3 na nusu mpaka karibu tani 6 zimekaa juu ya jino moja. Mwaka huo huo, mamba wa maji ya chumvi, mnyama aliye hai anayeuma kwa nguvu kuliko wote waliopimwa, alipata niutoni 16.414. Na si hesabu ya kompyuta peke. Kanada waliokota mavi ya kale yaliyogeuka jiwe, ya urefu wa sentimetre 44, yakatangazwa mwaka 1998, na wataalamu wanasema ni ya T-Rex: ndani mulikuwa mifupa iliyovunjwa vipande vipande.

Ongeza macho. Macho ya T-Rex yalitazama mbele, kama ya tai, ili kupima vizuri umbali wa kitu. Ya Carcharodontosaurus yalikuwa zaidi kwa pembeni. Kwa mikono, kila mtu anacheka T-Rex, na ni kweli mikono yake ni mifupi, vidole viwili. Spinosaurus njo alikuwa na mikono ya kweli, na makucha makubwa. Kama kuna silaha ambayo filme ya 2001 haikudanganya, ni hiyo.

Basi nani?

Kati ya Spinosaurus na Carcharodontosaurus, pambano ambalo lingeweza kutokea kweli pembeni ya mto wa Kem Kem, jibu linategemea mahali. Kwenye nchi kavu, Carcharodontosaurus. Anasimama vizuri kwa miguu mirefu, anageuka mbio, na kila jino lake ni upanga. Mwenzake ana miguu mifupi, meno ya samaki, na matanga makubwa mgongoni ambayo ni rahisi kujeruhi. Ndani ya maji yanayofika kiunoni, mambo yanageuka: Carcharodontosaurus hana kazi kule, na mwenye nyumba ni Spinosaurus.

Na T-Rex, kama mtu angeweza kumsafirisha miaka milioni 25 nyuma? Mbele ya Spinosaurus kwenye nchi kavu, ni vigumu kuona namna angeshindwa. Shingo nyembamba ya mla-samaki ndani ya konkaseri ile, ni mara moja tu. Filme ya 2001 ilipinda mambo kabisa. Mbele ya Carcharodontosaurus ao Giganotosaurus, mambo ni magumu zaidi, juu kisu kinaweza kuua vilevile, ila polepole. T-Rex angehitaji kuuma mara moja mahali pazuri. Yule mwengine angehitaji kupasua mara nyingi bila kushikwa. Mwenye kubashiri feza yake angeiweka kwa T-Rex, lakini si feza yote.

Kuko jambo ambalo mabishano ya saluni yanasahauka kila mara. Mnyama mwenye kuwinda hapendi pambano. Simba aliyevunjika taya hana hospitali. Atakufa kwa njaa. Wavuvi wa Kisale wanajua kama mamba na kiboko wanaishi mto mmoja, na siku nyingi kila mmoja anapisha mwenzake. Wakubwa hawa nao, mara nyingi, wangetazamana, wangepiga kelele, na mmoja angeondoka.

Mahali alama za mapigano zinaonekana kweli, ni kati ya ndugu. Mafuvu mengi ya jamaa ya T-Rex yana alama za meno kwenye uso, alama zilizopona, na meno hayo ni ya jamaa yao wenyewe. T-Rex maarufu anayeitwa Sue, aliyegunduliwa mwaka 1990 na anayesimama leo Chicago, ana mbavu zilizovunjika na kuunga tena. Hata mawindo yalikuwa yanaponyoka: mwaka 2013 walionyesha mfupa wa mkia wa dinozori mla-majani, na ndani yake ncha ya jino la T-Rex, mfupa umeota tena kuifunika. Yule mnyama aliumwa na T-Rex, akakimbia, akapona, akaendelea kuishi na jino la adui ndani ya mkia wake.

Jamaa zao walikuwa Tanzania

Ukiacha Kampemba ukaelekea mashariki, ukapita Zambia, ukavuka Tanzania mpaka karibu na bahari, unafika Lindi. Kwa mguu, siku nne tena ndani ya nchi, kuko kilima kinaitwa Tendaguru. Kule njo kuna sura ya kwanza ya pambano hili, ya miaka karibu milioni 150 iliyopita.

Kunako mwaka 1906, injinia Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa imetokeza kwenye njia. Vita vya Majimaji vilikuwa vinaendelea bado katika sehemu hiyo ya kusini, na nchi ilikuwa inaelekea njaa. Kutoka 1909 mpaka 1913, makumbusho ya Berlin yakachimba. Wakubwa kwenye karatasi ni Werner Janensch na Edwin Hennig. Kwenye shimo, msimamizi alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kutoa mfupa ndani ya udongo bila kuuvunja, na chini yake wafanyakazi waliofikia 500 hivi. Hakukuwa reli wala barabara ya gari. Mifupa zaidi ya tani 200 ilibebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Mnyama maarufu zaidi kati yao, mla-majani mwenye shingo ndefu, anasimama Berlin mpaka leo, kimo chake metre 13,27.

Lakini ndani ya masanduku hayo mulikuwa wala-nyama pia, na hao walingoja sana. Mifupa michache ya mgongo ilikaa Berlin karibu miaka mia. Mwaka 2011, Oliver Rauhut akaitazama upya na kutangaza mnyama: Veterupristisaurus. Ni mmoja wa wazee kabisa wa ukoo wa Carcharodontosaurus, pengine metre 8 mpaka 10. Mwaka uliofuata, Eric Buffetaut akachukua meno ya Tendaguru akampa mwenyewe wao jina Ostafrikasaurus, na anaona ndani yake jamaa ya kale ya ukoo wa Spinosaurus, hata kama wengine hawajakubali. Ikiwa ana haki, koo mbili zilizokutana Kem Kem zilikuwa zimekwisha kuishi jirani Afrika ya Mashariki, miaka zaidi ya milioni 50 mbele.

Watanzania wengi wanauliza leo kama mifupa hiyo haipaswe kurudi nyumbani, ao kama Ujerumani haipaswe kusaidia kujenga makumbusho Lindi. Wenye kujibu kwamba Berlin inaitunza vizuri wakumbuke Munich, usiku ule wa 1944.

Na udongo wa Kampemba?

Ulizo hili linakuja kila mara baada ya lile la kwanza: juu ya nini hapa, mahali watu wanachimba kila siku mpaka metre mamia, hakuna hata dinozori mmoja aliyetoka?

Jibu ni umri wa jiwe. Mwamba wenye shaba na kobalti wa Katanga ni mzee kupita kiasi. Ulitandikwa chini ya bahari ya kina kidogo zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, na sehemu zake za chini ni za zamani zaidi. Dinozori wa kwanza wanakuja miaka karibu milioni 240 iliyopita. Kutafuta dinozori ndani ya jiwe la shaba ni sawa na kutafuta telefone ndani ya kaburi la babu wa babu. Wakati ule hakukuwa hata samaki. Ila uhai ulikuwako: lile jiwe ambalo wachimba migodi wanaliita RSC, lenye mashimo mashimo, lilijengwa na vijidudu vidogo vidogo vilivyokuwa vikiota kama zulia chini ya maji. Watu wa Kampemba wamelikanyaga bila kujua.

Makaa ya mawe ya Luena, upande wa Bukama, ni ya miti iliyokufa mbele dinozori hawajafika. Jiwe lenye umri wao linapatikana mbali zaidi kaskazini: kandokando ya Kisangani kuko mawe ya wakati wa dinozori, na ndani yake wataalamu wa wakati wa ukoloni walikusanya samaki wengi wa kale.

Kwa hiyo, video zinazopita kwenye WhatsApp, zenye kuonyesha mifupa ya joka katika mgodi wa Kolwezi ao T-Rex ndani ya pori, zinatengenezwa na kompyuta. Na si jambo la leo. Toka miaka ya 1930 kuko hadithi ya Mzungu mwenye shamba aliyesema kama aliona Kasai mjusi mkubwa anakula kifaru; picha zinazofuatana nayo ni za kukata na kubandika. Mawe ya mviringo ambayo watu wengine wanauza kama mayai ya dinozori nayo ni mawe tu.

Ila si sababu ya kutupa kila mfupa. Ndani ya mapango na udongo wa juu wa Katanga mnaweza kutoka mifupa ya wanyama wa karibu zaidi na vyombo vya watu wa kale, na hivyo vina bei yake kwa historia. Mwenye kuokota asiupasue, asiuoshe kwa asidi, akumbuke shimo gani na kina gani, apige picha mbele ya kuutoa, kisha auonyeshe Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi ao wataalamu wa jeolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mfupa bila shimo lake unapoteza nusu ya maneno yake; Ibrahim alitafuta masharubu ya mtu miaka minne juu ya sababu hiyo tu. Feza ziko, ni kweli: mwaka 2020 T-Rex mmoja aliuzwa New York kwa dola milioni 31 na zaidi. Hakuna kitu cha namna hiyo kitakachotoka Kampemba.

Kwa familia yenye kutaka kuonyesha watoto dinozori wa kweli bila kupanda ndege, nafasi nzuri iko Malawi, mji wa Karonga, pembeni ya ziwa. Toka mwaka 2004 kuko makumbusho, na ndani yake kiunzi cha mfano cha Malawisaurus, mla-majani aliyechimbwa katika udongo wa pale pale. Njia inapita Kasumbalesa na kaskazini mwa Zambia.